Straipa, kayaki na nzi wa Nairobi: Mbona wasee wa Massachusetts wanaamka saa tisa usiku kuvua samaki watamrudisha majini?

Anti yangu alifanya kazi miaka kadhaa kwa karakana moja hapa Nairobi akifunga nzi. Ndiyo, nzi. Si wale wa kwa choo. Hawa ni manyoya na nywele zinazofungwa na uzi kwa ndoana hadi zifanane na mdudu ama samaki mdogo, halafu zinapakiwa zinapelekwa majuu. Kenya imekuwa kwa hii biashara miaka mingi, na saa hii kuna mzungu mahali anarusha kitu kilichofungwa na mathe wa mtaa wenu bila kujua.

Sasa mtoto wa anti, cuzo yangu, anaishi Lowell, Massachusetts, ule mji uko na Wakenya hadi chapo za Jumapili si shida. Mwaka jana alinunua kayaki ya mtumba. Mwezi wa tano akanitumia video akiwa amelowa chapa, midomo inatetemeka, anacheka ile kicheko ya mtu ameona kaburi lake likichimbwa. Nilimsumbua na maswali wiki mzima, na hii ndiyo nilielewa.

Samaki mwenyewe anaitwa straipa. Jina refu ni straipidi basi, na hapana, hiyo basi haina makanga. Ni samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari saba ama nane myeusi ubavuni. Anazaliwa kwa maji matamu, sana sana kwa mito inayoingia ghuba ya Chesapeake na kwa mto Hudson, halafu anakulia baharini. Msimu wa joto ukikaribia anapanda kaskazini akifuata pwani hadi Maine na kupita, baridi ikianza anateremka tena. Rekodi ya dunia ilivunjwa 2011 huko Connecticut, na huyo mnyama alikuwa na kilo 37. Lakini alivuliwa na mkunga hai kama chambo, si nzi, kwa hivyo usianze kuota.

Kwa nini wanamrudisha? Kwa sababu walishawahi kummaliza. Miaka ya themanini straipa aliadimika hadi Maryland ikapiga marufuku kumvua kabisa, kutoka 1985 hadi 1990. Akarudi, watu wakasahau, akaanza kupungua tena. Saa hii kwa bahari unaruhusiwa kubeba mmoja tu kwa siku, na lazima awe kati ya inchi 28 na 31, yaani kama sentimita 71 hadi 79. Wakubwa zaidi ya hapo wengi ni majike wenye mayai. Ukimshika wa inchi 40, unapiga picha haraka, unamrudishia mama yake bahari. Mimi nilifikiria omena zetu nikanyamaza.

Tuingie kwa nzi. Uvuvi wa kawaida, uzito uko kwa chambo: unarusha kitu kizito, mshipi unafuata. Nzi hana uzito wa maana, ni manyoya tu. Kwa hivyo hapa mshipi wenyewe ndio mzito, mnene kama kamba ya kiatu, na ndio unambeba nzi. Unaupeleka nyuma yako hewani, unangoja ujinyooshe, halafu unausukuma mbele. Ukiharakisha, unaanguka kama githeri. Ufito wa straipa huwa kama futi 9, na unanunuliwa kwa namba: namba 8 ama 9 ndiyo inatosha upepo wa baharini. Ile ya trauti wa Mlima Kenya ni nyembamba sana, itakuaibisha.

Nzi maarufu huko ni Clouser. Ilibuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya themanini, na akili yake ni simple lakini noma: macho mawili ya chuma yanafungwa juu ya shina la ndoana karibu na kichwa, halafu nywele za mkia wa paa, nyeupe na kijani kibichi. Hayo macho yanageuza ndoana ncha iangalie juu, kwa hivyo hainasi nyasi chini. Ukivuta anaruka, ukiacha anazama, hivyo hivyo kama kasamaki kagonjwa. Straipa hapendi kujisumbua. Mgonjwa ndiye chakula.

Kayaki inakujaje? Straipa hujileta kwa maji mafupi, mahali boti kubwa ingekwama na mguu hautafika. Cuzo huenda nyuma ya kisiwa cha Plum, karibu na Newburyport, pale mto Merrimack unaopita Lowell unamwagika baharini. Maji huko hupanda na kushuka karibu mita 2.5. Yakipwa, samaki wadogo wote wanavutwa kutoka kwa vijito, na straipa anangoja mdomoni mwa kijito kama kanjo anangoja mama mboga. Ndiyo maana huyu msee anaamka saa tisa usiku. Anafuata maji, na maji hayajui saa ya kazi.

Shida ni kwamba umekaa chini, matako yako karibu na maji. Mshipi ukienda nyuma unachapa bahari. Kwa hivyo unarusha mfupi, mita 12 hadi 15, inatosha. Kila kitu kinachoweza kunasa mshipi unakitoa mbele yako, hata kamba za viatu. Akiuma, usiinue ufito juu kama wa trauti. Unavuta mshipi na mkono, moja kwa moja, hadi ndoana iingie. Cuzo amepoteza kumi kabla hiyo ikae kichwani. Halafu samaki anavuta kayaki nzima, unazungushwa kama mtoto kwa toroli, na hiyo anasema ndiyo anaendea. Hana meno ya kukata, unamshika mdomo na kidole gumba. Mapezi ya mgongo ndiyo sindano.

Sasa ile video. Ilikuwa jua kali, karibu digrii 20, akavaa tisheti. Lakini maji ya mwezi wa tano huko yako kama digrii 10. Maji ya mto yanayotoka yaligongana na mawimbi yanayoingia, na hapo mdomoni mwa Merrimack panajulikana kwa kupindua watu. Akapinduka. Kitu cha kwanza si kuganda, ni pumzi: mwili unavuta hewa kwa nguvu bila ruhusa yako, na kama kichwa kiko chini ya maji, umekunywa bahari. Una kama dakika moja ya kutuliza pumzi, kama dakika kumi kabla vidole vikatae kushika, na karibu saa moja kabla upoteze fahamu. Yeye alikuwa amevaa jaketi ya kuelea kwa sababu sheria ya Massachusetts inalazimisha wa kayaki kuivaa kutoka Septemba 15 hadi Mei 15. Ilikuwa Mei 12. Siku nne zaidi na angeiacha kwa gari, amekubali mwenyewe.

Siku hizi anavaa kulingana na maji, si jua. Suti ya kuzuia maji, filimbi shingoni, simu kwa mfuko usioingia maji, na mdomo wa mto anaukwepa maji yakitoka.

Juzi alituma picha ya straipa wa inchi 33, Clouser kwa kona ya mdomo, kabla amwachilie. Nikampelekea anti. Akaivuta karibu na macho, hakuangalia samaki hata kidogo. "Huyu alifunga hii alikuwa anaharakisha kwenda lanchi," akasema. "Ona vile uzi umelegea hapo kwa shingo."