Bando la Buguruni linanunua nini

Saa tano asubuhi pale Buguruni Sheli, Dar es Salaam, abiria wamepungua, na vijana watano wa bodaboda wameinamia simu moja wakitazama kichekesho cha dakika tatu. Wanacheka watano. YouTube inahesabu mtazamaji mmoja, na bando linalokatwa ni la mwenye simu.

Tupige hesabu ya bando hilo. Bei elekezi za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ziliweka MB moja ya kifurushi kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Video ya ubora wa chini, ule ambao wengi wetu tunauchagua ili bando lisiishe, hula kama MB 300 kwa saa. Kwa bei hizo, saa moja ya kutazama ni kati ya shilingi 609 na 2,805.

Sasa mgeukie anayetengeneza kichekesho. Tangu 2018 YouTube haimgawii pesa za matangazo anayetegemea video za kawaida mpaka apate wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa video za dakika tatu, hiyo ni kutazamwa mara 80,000 bila mtu kukatisha njiani. Zidisha: saa 4,000 ni MB milioni 1.2. Ikiwa wote wametumia bando, watazamaji wamelipa kati ya shilingi milioni 2.4 na milioni 11.2 kabla msanii hajagusa hata shilingi ya tangazo. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoleta ada za leseni zilizofika milioni 2.1, wengi walilalamika, na ilikuwa haki kulalamika. Gharama hii nyingine ni kubwa kuliko ada ile, lakini hulipwa kwa vocha ndogondogo, na hakuna anayeijumlisha.

Hapo ndipo algorithimu, yaani mtambo unaochagua video za kupendekeza, inapoingia. Tangu 2012 YouTube hupima zaidi muda wa kutazama kuliko idadi ya waliobofya, na Januari 2018 Neal Mohan, wakati huo bosi wa bidhaa zake, alisema zaidi ya asilimia 70 ya muda huo hutokana na video zinazopendekezwa na mtambo. TikTok nayo ilieleza mwaka 2020 kwamba kuitazama video ndefu mpaka mwisho ni ishara nzito ya kupenda. Bando likikata dakika ya pili, kinachoandikwa ni kwamba hukumaliza. Ufinyu wa bando unasomeka kama ladha ya mtu. Msanii naye anajifunza: kofi, kilio na matusi vinasogezwa sekunde za mwanzo, hadithi inabaki na nafasi finyu. Tukisema vijana hawana subira tunawaonea, maana subira nayo inakula MB.

Mtazame Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani aliyevuma 2021 kwa kuigiza nyimbo za Kihindi, hata Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akamtaja redioni Februari 2022. Kipaji chake hakina ubishi. Lakini umati wake ulikuwa India, ambako bei ya data ilianguka tangu kampuni ya simu ya Jio ilipoingia sokoni 2016. Mtu anayenunua data kwa bei ya chini humaliza video, huirudia, na mtambo unamwamini.

Wasanii wanaotazamwa Buguruni wanabaki na njia ya zamani. Mpango wa TikTok wa kuwalipa watengenezaji uliwekwa kwa nchi chache, Tanzania haimo, kwa hiyo chakula cha msanii ni tangazo la duka la Kariakoo. Mwenye duka la viatu Mtaa wa Kongo haulizi saa 4,000. Anauliza wangapi wako Dar, na wangapi watapiga simu kuulizia bei. Kwake yeye, wale vijana wa Sheli ni wateja watano.