Simu Iligundua Mwanafunzi Hayuko Sawa. Halafu?

Machi 2020, wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth kule New Hampshire, Marekani, walikuwa wanamalizia muhula kwa mitihani kama kawaida. Ila 217 kati yao walikuwa kwenye utafiti ambao ulikuwa unawafuatilia kupitia simu zao tangu wakiwa wapya chuoni. Utafiti huo ulitokana na mradi wa StudentLife, na haukuanzishwa kwa ajili ya korona. Korona ndiyo iliukuta unaendelea. Kwa mtafiti, hiyo ni bahati ya pekee. Kwa kawaida janga likishaingia ndipo tunakimbilia madodoso, tunamuuliza mtu alikuwaje zamani wakati kumbukumbu zenyewe zimeshavurugika. Hapa "zamani" ilikuwa imeshaandikwa.

Programu yenyewe inafanyaje? Simu ina vihisio, yaani vipande vidogo vinavyopima mwendo, mwanga, sauti na mahali ulipo. Ukiunganisha vipimo hivyo unapata hadithi. Simu haijaguswa, imetulia, chumba ni giza na kimya: mwenye simu huenda amelala. Simu inatembea kutoka maktaba kwenda kantini: mtu yuko kwenye mihangaiko yake. Maikrofoni nayo inatambua kuwa kuna mazungumzo, bila kurekodi yanayosemwa. Juu ya hapo, kila wiki mwanafunzi anajibu maswali manne mafupi: mawili kuhusu sonona, mawili kuhusu wasiwasi.

Jaribio la kwanza lilifanyika 2013 chini ya Andrew Campbell, kwa wanafunzi 48 na wiki 10. Kadiri tarehe za kukusanya kazi zilivyokaribia, msongo ulipanda, usingizi ukapungua, maongezi na mizunguko vikapungua pia. Yeyote aliyewahi kupita wiki ya UE hahitaji grafu kuliamini hilo. Lakini grafu ilikuwa muhimu, kwa sababu 2020 ilipofika watafiti walikuwa wanajua muhula wa kawaida unafananaje, na huu haukufanana nao. Wanafunzi walikaa sehemu moja muda mrefu zaidi kuliko mihula iliyopita, na dalili za wasiwasi na sonona ziliongezeka. Habari za korona zilipopamba moto, na vipimo navyo vilibadilika.

Sawa, simu imegundua. Halafu?

Hapo ndipo mambo mengi ya teknolojia hukwama. Kuna programu zilizojaribu kwenda hatua ya pili, kusaidia kabisa. Woebot, roboti ya kuchati iliyotumia mbinu za tiba ya kubadili fikra na tabia, ilijaribiwa 2017 kwa vijana 70 wa umri wa miaka 18 hadi 28, wengi wao kutoka mazingira ya chuo. Baada ya wiki mbili, waliochati nayo walipungukiwa dalili za sonona kuliko wenzao waliopewa kitabu cha kusoma. Matokeo mazuri, ingawa wiki mbili ni muda wa likizo fupi tu. Miaka miwili baadaye watafiti wengine walichunguza programu 93 za afya ya akili zilivyotumika mitaani, nje ya majaribio. Katika programu ya kawaida, siku ya 15 waliobaki wakiifungua walikuwa kama asilimia 3.9 tu. Ukipakua leo na wenzako 99, baada ya wiki mbili mmebaki wanne.

Sasa ichukue StudentLife uilete hosteli za kwetu. Chumba kina watu sita, na wengine wanabebana. Maikrofoni itasema kila mmoja ana maongezi tele, hata yule aliyejifunika shuka kutwa nzima. Simu imeachwa kwa jirani inachajiwa, programu inaandika "amelala". Boom limechelewa, bando limekata, na kwenye seva mwanafunzi ametoweka. Tanzania ilipofunga vyuo Machi 2020 hadi Juni mosi, watu walitawanyika hadi vijijini, na msaada unaotegemea intaneti ulikuwa hatarini kukatika siku ambazo ungehitajika zaidi. Kwa hiyo kunakili programu hakutoshi; inabidi ipimwe upya hapa, na ikiwezekana ifanye kazi hata kwa meseji ya kawaida.

Maswali angalau tunayo. PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali 9, lilishatafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa Kenya kwa wagonjwa wa saratani. Swali la 9 linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba heri ufe, au ya kujidhuru. Tuseme mwanafunzi analijibu saa nane usiku, Jumamosi, na kuchagua "karibu kila siku". Jibu linakwenda wapi? Kama linaingia kwenye jedwali litakalofunguliwa Jumatatu, basi tumemuuliza mtu jambo zito kuliko yote halafu tukamgeuzia mgongo. Mimi naona chuo kisichoweza kuweka mshauri wa zamu usiku kisiliweke swali hilo kwenye simu ya mtu. Chenye uwezo kiweke namba ya huyo mshauri juu kabisa ya skrini, iwe ya bure kupiga, na ionekane hata bando likiwa limeisha.