Malazi Nafuu na Usafiri Katika Kisiwa cha Unguja

Msafiri aliyekwisha kuteremka Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, na ambaye akiba yake imepungua kwa ujira wa wapagazi na ada za hifadhi, avukapo bahari kutoka Dar es Salaam kwa boti ya muda wa saa mbili hivi, hufikia bandari ya Malindi. Nayo ni bahati kwake, kwani nyumba za wageni za bei nafuu zimo papo hapo, Malindi, Kiponda na Mkunazini, ndani ya vichochoro visivyopitika kwa gari.

Nyumba hizo aghalabu ni za kale, za mawe na chokaa, zenye ngazi za wima, basi mwenye magoti yaliyochoshwa na mlima na aombe chumba cha chini. Bei hupatanwa kwa maneno ya adabu, khasa wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, wageni wanapoadimika. Lakini kabla ya kuridhia, tazama chandarua, feni na maji.

Kwenda shamba hakulazimu teksi. Daladala nambari 116 huenda Nungwi, 309 Jambiani na 310 Makunduchi, na hizi mbili hupita msitu wa Jozani, makao ya kima punju. Mimi nazipenda mno, kwa kuwa abiria huketi wakitazamana, na mgeni atoaye salamu husogezewa nafasi, akaelezwa na kituo chake. Ila magari hupungua magharibi ikikaribia, kwa hiyo rejea mjini mapema.