Mmoja, wawili, wengi: namna Wainuit wanavyohesabu

Buti moja la ngozi, kwa Kiinuktitut, ni kamik. Yakiwa mawili ni kamiik. Yakifika matatu na kuendelea ni kamiit.

Lugha hii ya Wainuit wa mashariki mwa Aktiki ya Kanada haina ngeli. Mtu, mbwa, buti na nyumba vyote hufuata utaratibu mmoja, na nomino hubadilika mwishoni, si mwanzoni kama zetu. Lakini idadi zake ni tatu: umoja, uwili na wingi. Aliyejifunza Kiarabu hatashangaa, maana nacho kina uwili. Mtu mmoja ni inuk, wawili ni inuuk, zaidi ya hapo ni inuit. Kwa hiyo sisi tunaposema “Wainuit” tunaongeza wingi juu ya wingi. Hata Iqaluit, makao makuu ya eneo la Nunavut lililoundwa mwaka 1999, ni wingi wa iqaluk, yaani samaki.

Uwili huu umeingia hadi kwenye vitu ambavyo sisi tungevihesabu kimoja. Suruali ni qarliik, kwa kuwa ina miguu miwili. Sleji inayokokotwa na mbwa juu ya barafu ni qamutiik, kwa kuwa inakaa juu ya mbao mbili ndefu za kutelezea. Chombo ni kimoja, jina lake ni la uwili.

Mwisho wa nomino hubeba pia kazi yake katika sentensi. Iglu ni nyumba ya aina yoyote, si ya theluji tu. Aliye ndani yuko iglumi, anayekwenda huko anakwenda iglumut, anayetoka huko anatoka iglumit. Kiswahili hutumia “nyumbani” kwa yote matatu na kukiachia kitenzi kazi ya kufafanua.

Utamu zaidi uko kwenye maneno ya kiasi. “Wengi” ni amisut, na t yake ya mwisho ndiyo ileile ya kamiit: neno la kiasi nalo huvaa idadi. “Baadhi ya mbwa” ni qimmiit ilangit, ambapo ila ni sehemu, kana kwamba unasema “mbwa, sehemu yao”. Kwa “-ote”, msomaji wa Kiswahili atajisikia yuko kwao. Sisi sote ni tamatta, ninyi nyote ni tamassi, wao wote ni tamarmik. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, lakini zote zinamtaka msemaji aonyeshe “wote” hao ni akina nani.

Kiasi kingine hakisimami peke yake, hushonwa kwenye nomino. Ulluq ni siku. Ullulimaaq ni siku nzima, kutwa.

Halafu kuna nomino inayomezwa na kitenzi. Qimmiqaqtuq ni neno moja lenye maana ya “ana mbwa”. Humo ndani qimmiq, mbwa, hupoteza idadi: huenda ni mmoja, huenda ni kumi, sawa na “ana mbwa” yetu. Anayetaka kubainisha huweka namba kando: pingasunik qimmiqaqtuq, ana mbwa watatu. Mbwa wamezama ndani ya kitenzi, namba imebaki nje, na ndiyo inayobeba kiambishi cha wingi, -nik, kwa niaba yao.

Mfumo huu wa idadi tatu haudumu kila mahali. Kalaallisut, lugha ya Wainuit wa Greenland, imeuacha uwili, na vitu viwili sasa huhesabiwa pamoja na wingi. Upande wa Kanada uwili bado uko hai, na tangu mwaka 2008 Nunavut ina sheria ya kulinda lugha ya Inuit, ikiwemo haki ya mtoto kufundishwa kwayo shuleni. Sheria haiwezi kuamuru watu waseme inuuk badala ya inuit. Hilo litaamuliwa na watoto wenyewe, kwa kadiri watakavyoisikia lugha hiyo mchana kutwa, darasani na nje ya darasa.