Je, Mzazi Aweza Kufundishwa Ulezi?

Katika nyumba za Milimani mjini Kisumu, kama vile katika mashamba ya Asembo kando ya Ziwa, lalamiko ni lile lile: vijana hawasikii. Mmoja ameacha shule, mwingine hurudi usiku akinuka pombe, binti naye amepata mimba kabla ya kumaliza masomo. Lawama hutupiwa walimu, na siku hizi simu. Ni nadra mzazi kuulizwa yeye alifundishwa wapi kazi ya ulezi.

Swali hilo si la dharau. Zamani baba na mama wa Kijaluo hawakubeba mzigo huo peke yao. Wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi, na huko walipewa hadithi, mafumbo, na mambo ya utu uzima ambayo mama aliona haya kuyatamka. Wavulana nao waliketi jioni na wazee katika duol, wakisikiliza. Leo karani hukaa na wanawe katika nyumba ya kupanga, bibi yuko mbali kijijini, na kazi ya bibi imemwangukia mtu asiyeandaliwa kuifanya. Wengi huziba pengo hilo kwa fimbo, kwa kuwa fimbo ni nyepesi kushika kuliko maneno.

Huko Asembo jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa KEMRI na CDC ya Marekani walichukua mafunzo ya wazazi yaliyotungwa Marekani, wakayarekebisha yapatane na desturi za wenyeji, wakayaita Families Matter! Yalikusudiwa wazazi wenye watoto wa miaka 9 hadi 12, yaani kabla ya matata kuanza. Wazazi walikutana mara moja kwa juma, kwa majuma matano, saa tatu kila mara. Walijifunza kumsifu mtoto afanyapo vema, kujua yuko wapi na nani, na kuzungumza naye juu ya mwili wake bila kugeuza uso.

Baada ya mwaka mmoja, wazazi 375 waliulizwa tena. Wengi walisema malezi yao yamebadilika. Lakini mzazi kujisifu si ajabu. Lenye uzito zaidi ni kwamba watoto wao waliulizwa pia, nao wakathibitisha. Baadaye mafunzo hayo yalipelekwa katika nchi nyingine kadha za Afrika, Tanzania ikiwamo.

Hata hivyo haifai kuyatukuza kupita kiasi. Uchunguzi ule wa Asembo haukuwa na kundi la wazazi wasiofundishwa la kulinganisha nalo. Tena mzazi kubadilika ni jambo moja, na kijana kuepuka pombe miaka mitano baadaye ni jingine. Wala mafunzo hayalipi karo.

Lakini saa kumi na tano si nyingi. Wako akina baba wanaotazama mpira zaidi ya hapo kwa mwezi mmoja. Hao wa Milimani wangeweza kukutana Jumamosi alasiri. Wavuvi wa omena ni shida zaidi, kwa maana huvua kwa taa usiku wa giza na mchana hulala. Ila siku za mbalamwezi mashua hupumzika ufuoni, na baba huwa nyumbani.