Tope la Kianjai lina stori ndefu kuliko unavyodhani

UKISHUKA matatu Kianjai, kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, siku ya mvua na umevaa raba nyeupe, pole sana. Tope jekundu la pale halina huruma. Mitaroni maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na yote yanateremka.

Lakini kabla hujalilaani tope hilo, jiulize: linaenda wapi? Na likifika huko, linakuwa nini?

Jibu ni kwamba linaweza kuwa mwamba.

Chini ya Kianjai kuna mawe yaliyozaliwa na moto. Milima ya Nyambene ni volkano za zamani, na mawe yake meusi ni lava iliyopoa. Jua huyapasua, mizizi hupenya kwenye nyufa, mvua huyalainisha. Polepole jiwe linakuwa udongo, kisha mvua inaupakia na safari inaanza.

Mto ukiwa na kasi hubeba kila kitu. Ukipunguza mwendo, ziwani au baharini, unaanza kushusha mizigo: kokoto kwanza, halafu mchanga, na mwisho lile tope laini. Kila msimu unaongeza tabaka. Uzito wa juu unakamua maji kutoka chini, na madini yaliyoyeyuka majini, kama chokaa, yanaganda katikati ya chembe kama saruji. Baada ya maelfu au mamilioni ya miaka, umepata mwamba wa mashapo.

Kama chapati kwenye sufuria

Kuusoma mwamba huo si kazi ngumu. Fikiria chapati zilizopangwa kwenye sufuria: iliyopikwa kwanza iko chini kabisa. Matabaka nayo ni hivyo hivyo, mradi ardhi haijajikunja au kupinduka.

Kianjai kwenyewe huwezi kuyaona vizuri kwa sababu ya lava. Twende kaskazini magharibi, hadi Ziwa Turkana. Huko mito na ziwa lenyewe vimekuwa vikitandika matabaka kwa zaidi ya miaka milioni nne.

Mwaka wa 1984, kule Nariokotome, magharibi mwa ziwa, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu. Uchimbaji ulipoendelea, yakatoka mabaki ya mvulana aliyekufa kando ya maji miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Mashapo yalimfunika mapema, ndiyo maana mifupa yake mingi ilibaki. Leo dunia nzima inamwita Kijana wa Turkana.

Umri huo ulijulikanaje? Kati ya matabaka ya tope kuna matabaka ya jivu la volkano. Ndani ya jivu kuna madini ya potasiamu, na sehemu yake hubadilika kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Ukipima hizo mbili, umepata saa. Kumbe moto ndio unaolipa tope tarehe!

Ng'ambo ya ziwa, karibu na Ileret, mashapo yalihifadhi hata nyayo. Mwaka wa 2009 wanasayansi walitangaza alama za miguu za miaka milioni 1.5, zenye kidole gumba kilichonyooka sambamba na vingine, kama chako. Mtu alikanyaga tope, akaenda zake, na tope likakumbuka.

Na kama uko Mombasa, angalia kuta za Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593. Mawe yake ni matumbawe, yaani viumbe wa baharini. Ukiona mwamba wa matumbawe ukiwa juu kwenye nchi kavu, ujue bahari iliwahi kufika hapo.

Sasa, shamba la nani linaondoka?

Hapa ndipo mambo yanakuhusu. Udongo unaoondoka shambani leo hauzuiliki kirahisi ukishafika mtoni. Mto Rupingazi, unaopita mjini Embu, unamwaga maji yake Mto Thiba, na Thiba unaingia bwawa la Kamburu. Maji yakitulia bwawani, yanafanya kile kile yalichofanya Turkana: yanashusha mzigo. Bwawa linalojaa tope linabaki na nafasi ndogo ya maji, na hayo ndiyo maji yanayozalisha stima unayochajia simu.

Kutengeneza sentimita chache tu za udongo mzuri huchukua mamia ya miaka. Kuzipoteza, mvua za msimu mmoja zinatosha mahali palipoachwa wazi kwenye mteremko.

Kwa hivyo ukienda ushago likizo hii na ukute mzee anachimba makinga-maji au anapanda nyasi za nepia kwenye kingo za shamba, usimwachie kazi peke yake. Shika jembe. Mwamba unaweza kungoja miaka milioni moja, lakini mahindi ya msimu ujao hayawezi.