Kompyuta Kuukuu za Baraka na Suala la Mfumo Mpya

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wake kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni mwezi Julai 2015, na uamuzi huo, ingawa ulitolewa Marekani, mbali kabisa na Ziwa Tanganyika, unawagusa wenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi mjini Baraka, mashariki mwa Kongo, maprefe (wakuu) wa shule za sekondari, watumishi wa kanda za afya za Fizi na Nundu, na watangazaji wanaohariri sauti za redio. Kompyuta katika sehemu hizo kwa kawaida ni mitumba: ilikwisha kutumika kwingine kwa miaka mingi kabla ya kuvushwa ziwa kutoka Kigoma au kuletwa kwa barabara kutoka Uvira, na mnunuzi huipokea pamoja na mfumo aliousimika mtu asiyemjua.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimama kati ya vyuma vya kompyuta, yaani prosesa, diski, kibodi na skrini, na programu anazozifungua mtumiaji. Ndio unaoamua faili lihifadhiwe wapi, kumbukumbu igawanywe vipi na printa ipokee amri gani. Msaada unapositishwa kompyuta haizimiki wala haisahau kazi zake, na ndiyo maana watu wengi hudhani hakuna kilichobadilika. Kinachokoma ni masasisho ya usalama, yaani viraka ambavyo kampuni huvitoa kila mwezi ili kuziba matundu yanayogunduliwa na wataalamu au na wadukuzi, hivyo kwamba tundu litakalojulikana baadaye hubaki wazi. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry, ambayo iliyafunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilienea katika nchi zipatazo 150 kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kuliziba mwezi Machi mwaka huohuo. Nyingi kati ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati ule ulikuwa bado unahudumiwa, ila wenyewe hawakuwa wamekipakua kiraka.

Tukio hilo linaihusu Baraka kwa karibu, kwa kuwa huko intaneti ya watu wengi hununuliwa kwa mega kutoka mitandao ya simu, na mtu anayelipa kwa mega hushawishika kuyazima masasisho moja kwa moja. Kompyuta yenye mfumo unaohudumiwa, lakini ambayo masasisho yake yamezimwa, haina tofauti kubwa na ile iliyoachwa. Ipo njia ya kati ambayo inastahili kujulikana zaidi: katika mipangilio ya Windows mtumiaji anaweza kuutangaza muunganisho wake kuwa ni wa kupimwa, ndipo mfumo huahirisha kupakua vitu vizito, na mahali penye kompyuta kadhaa katika mtandao mmoja wa ndani, mfumo huohuo unaweza kuruhusiwa kugawana masasisho baina ya mashine, ili kile kilichopakuliwa na moja kisilipiwe tena na nyingine.

Mara nyingi, hata hivyo, si wadukuzi wanaoanza kumbana mwenye mfumo wa zamani, bali ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Tangu Februari 2023 matoleo mapya ya Chrome hayakubali tena kusimikwa juu ya Windows 7 wala 8.1, na kivinjari kinapobaki nyuma, tovuti za benki, vyuo na taasisi huanza moja baada ya nyingine kukikataa. Kongo hukusanya takwimu zake za afya kwa DHIS2, programu iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo hutumiwa kupitia kivinjari, kwa hiyo ofisi yenye mashine imara kabisa inaweza kujikuta imekwama kwa sababu ya dirisha la kuchungulia tu.

Mrithi wa Windows 10 ni Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, nayo ndiyo iliyoweka mstari mkali kati ya mashine mpya na za zamani. Pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, inataka kijenzi cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambacho hutunza funguo za siri ndani ya mashine, na kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa kwa mifano michache, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, yaani zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Masharti hayo yanaziacha nje kompyuta nyingi ambazo bado zinaandika, zinahesabu na kuchapa bila taabu. Mafundi wanajua namna ya kuyakwepa, kwani programu ya bure ya Rufus inaweza kuandaa flashi inayoruka ukaguzi huo, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma, na kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024 prosesa za zamani sana, kama zile za Core 2 Duo, haziwezi kuuwasha mfumo huo kwa hila yoyote. Kwa mtu binafsi anayejua analolifanya, ukwepaji huo unaweza kuvumilika. Kwa ofisi inayotunza majina ya wagonjwa au alama za wanafunzi, ni kujenga juu ya msingi ambao mwenyewe ameshakanusha kuudhamini. Watumiaji binafsi wa Windows 10 wamepewa pia mwaka mmoja wa nyongeza, hadi 13 Oktoba 2026, kwa sharti la kujisajili kwa akaunti ya Microsoft, na nafuu hiyo ni ya kununua muda tu.

Njia nyingine ni Linux, jamii ya mifumo huru iliyochipuka kutokana na kazi ya mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, na ambayo Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth aliisogeza karibu na watu wa kawaida alipoanzisha Ubuntu mwaka 2004. Linux Mint, mmojawapo wa mifumo hiyo, katika sura yake nyepesi ya Xfce hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazofaa, na toleo lake la 22 litahudumiwa hadi 2029. Faida kubwa kwa mnunuzi wa mitumba ni kwamba mfumo huo unaweza kuwashwa na kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa chochote ndani ya diski, akaona kama sauti inatoka, kama intaneti inashika, kama skrini inang'aa sawasawa. Kisimikaji kinaweza kuanza kwa kupendekeza kibodi ya Kimarekani, ilhali kompyuta nyingi za Kongo zina kibodi ya Kifaransa. Asiyebadilisha hapo huandika A ikatokea Q, na nywila aliyoiweka gizani siku ya kwanza humkataa siku atakayoirekebisha kibodi.

Suala la mega linarudi hapa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa faili la Linux Mint lina uzito wa karibu gigabaiti 3 na la Windows 11 huzidi 5. Ni jambo la busara, na la halali kwa Linux, mtu mmoja alipakue akiwa mahali penye intaneti nzuri kisha flashi izunguke mji mzima. Hatari ni kwamba kile kinachozunguka kwa mikono mingi kinaweza kuwa kimechezewa, na Windows za wizi zinazopita mitaani huja pamoja na programu ndogo za kufungua leseni, ambazo kabla ya kusimikwa humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi. Mtu anayetii amri hiyo amemfungulia mgeni mlango na kumfunga mlinzi kwa wakati mmoja. Kwa faili la Linux kuna kipimo cha uaminifu kinachoitwa SHA256, msururu wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na faili zima: ukilingana na ule uliotangazwa kwenye tovuti ya watengenezaji, faili halikuguswa, na tofauti ya herufi moja yatosha kulitupa. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haitaki mega za kutajika, lakini ndiyo ambayo mafundi huiruka kuliko zote.

Kabla ya kusimika chochote, vyuma navyo hutaka kuangaliwa. Kompyuta ambayo kila ikiwashwa hurudi mwaka 2009 ina betri ndogo iliyokufa kwenye ubao wake mkuu, duara la volti 3 linalojulikana kwa namba CR2032, na tarehe hiyo potofu huzifanya tovuti salama zikatae kufunguka hata mfumo ukiwa mpya kabisa. Diski ya zamani inayozunguka ikibadilishwa na SSD, ambayo haina sehemu inayojongea, mwenye mashine huona mabadiliko makubwa kuliko yale ya kubadilisha toleo lolote. Umeme wa sola au wa jenereta ukikatika katikati ya usimikaji unaweza kuacha kompyuta isiyowaka, kwa hiyo kompyuta ya mezani isiguswe bila betri ya akiba, na nakala za mafaili zitolewe kwanza. Flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na mwenye video ndefu ya harusi hudhani flashi ni mbovu. Mtindo wa exFAT hauna kikwazo hicho.

Linux ina mapungufu yanayowauma wachapaji hasa. CorelDRAW na Photoshop hazina matoleo yake huko, mpangilio wa nyaraka za Word huweza kusogea ukifunguliwa kwa LibreOffice, na printa kama HP LaserJet 1020 haichapi mpaka kipande cha ziada kipakuliwe kutoka kwa kampuni. Kwa kibanda chenye kompyuta mbili, mpango unaofaa zaidi ni kugawa kazi: iliyo karibu na printa ibaki na Windows yake bila intaneti kabisa, na ile inayopokea barua pepe na flashi za wateja iwekewe Linux. Flashi hizo mara kwa mara huja na virusi vinavyoyaficha mafolda na kuacha njia za mkato mahali pake, ambazo zikibofywa ndani ya Windows husambaza ugonjwa. Ndani ya Linux virusi hivyo haviwezi kukimbia, mafolda yaliyofichwa mara nyingi huonekana kama yalivyo, na mchapaji huzifuta njia za mkato, akanakili waraka wa mteja peke yake kuupeleka kwenye mashine yenye Windows.